Picha ya Mama wa Nalasi

Nilihamishiwa Songea kufundisha shule ya msingi, nikitokea Dodoma. Kanisa nililojiunga nalo lilikuwa na kozi ya kuandaa watumishi wa kwenda kuishi na watu wa imani na desturi nyingine. Tulisoma kila Jumamosi kwenye darasa la watoto wa chekechea, magoti yakigonga meza. Mkufunzi wetu alikuwa na sauti ya upole, na kulikuwa na maneno ambayo hakuchoka kuyarudia: "Mkifika, msifundishe. Jifunzeni. Na msiachane njiani." Niliyaandika kwenye daftari, nikayapigia mstari.

Rafiki yangu pale alikuwa nesi mmoja, jirani yangu wa chumba. Tulipika pamoja, tulisukana nywele. Songea nzima, ni yeye tu aliyejua kwamba mchumba wangu alikuwa amenitumia ujumbe wa kuniacha wiki niliyofika.

Likizo ilipoingia, msimu wa korosho, tukapanda basi la Tunduru watu sita wa kozi, kwenda mazoezini. Namtumbo nilishuka kwenda chooni. Nilipotoka, basi halikuwepo. Baadaye nilisikia kwamba konda aliuliza, "Mko wote?" na mkufunzi akajibu bila kugeuka, "Wote." Rafiki yangu alikuwa amekaa kando ya kiti changu kitupu. Aliniambia alipitiwa na usingizi, nami nikamwamini.

Nilipata lifti kwenye lori la mahindi, nikawakuta Tunduru jioni. Begi langu hakuna aliyekumbuka kulishusha. Liliendelea na basi hadi Masasi na halikuonekana tena. Niliingia Nalasi, kijiji tulichopangiwa, kesho yake na nguo niliyovaa, Biblia na simu. Mkufunzi alicheka, akasema hilo nalo ni somo.

Mimi na rafiki yangu tulipangiwa nyumba ya mama mmoja mjane, Mwislamu, mwenye shamba la mikorosho. Alikuwa ameambiwa tumekuja kujifunza maisha ya wakulima, na mimi ndivyo nilivyojua. Aliponitazama nilivyo, alifungua sanduku lake akatoa khanga mbili.

"Shikamoo mama. Sijui nitakushukuruje," nikasema.

"Marahaba. Utanishukuru shambani, mwanangu. Korosho haziokotwi kwa mdomo."

Siku kumi tuliinama chini ya ile mikorosho. Alinionyesha namna ya kuizungusha korosho mpaka iachane na bibo, akanicheka utomvu uliponibabua vidole, kisha akanipaka mafuta. Wakati wake wa sala alisali, na mimi nilisali wakati wangu. Jioni moja aliniuliza kwa nini nakaa kimya sana, nikamweleza habari za yule mchumba. Hakunipa ushauri. Aliniongezea ugali tu.

Siku ya kuondoka alinisimamisha uani.

"Ulikuja huku umeachwa njiani," alisema. "Ngoja nikuombee dua, urudi salama."

Akafungua viganja. Nikainamisha kichwa, mkono wangu begani kwake. Mimi ndiye niliyemwomba rafiki yangu, "Tupige picha, nimkumbuke." Mama hakukataa, na picha ikapigwa tukiwa hivyo hivyo.

Jumapili iliyofuata, kanisani Songea, ilikuwa ibada ya shukrani. Waliweka projekta, picha zikapita: barabara, visima, watoto. Kisha ikatokea picha yetu, imejaa ukuta mzima, na chini yake maandishi: "Mama huyu wa Nalasi amempokea Bwana." Vigelegele vikapaa. Mkufunzi akaniita mbele nitoe ushuhuda.

Nilishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Huyu mama hakuombewa na mtu," nikasema. "Yeye ndiye aliyekuwa ananiombea mimi. Ni Mwislamu, na tulimwacha Mwislamu."

Mtu mmoja nyuma akasema "Amina" kwa mazoea. Mkufunzi akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu taratibu, akitabasamu. "Dada yetu ana uchovu wa safari," akawaambia, na kwaya ikaanza kuimba.

Nilimkuta rafiki yangu chumbani kwake anakunja nguo.

"Mkufunzi aliniomba picha," alisema kabla sijamuuliza. "Sikujua zinaenda wapi."

"Na yale maneno aliandika nani?"

Akaendelea kukunja. Kompyuta iliyotumika kwenye projekta ilikuwa yake.

"Alisema wafadhili wanahitaji kuona matunda," akasema mwishoni. "Mama mwenyewe yuko mbali. Ataona wapi?"

Niliondoka. Nilikuwa nimemweleza huyu dada mambo yangu yote.

Mama aliiona ile picha. Ilipita kwenye makundi ya simu, ikafika Nalasi kabla yangu. Nilipanda basi peke yangu mwisho wa likizo, nikabisha hodi mlangoni ambako siku kumi nzima nilikuwa napita bila hodi. Alitoka akasimama kizingitini.

"Asalaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam." Hakuniambia nikae. "Ulipokuwa unakula kwangu, kumbe ulikuwa unaniwinda?"

Nilimweleza yote, hata yale niliyosema kanisani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umewaambia wa kwenu," alisema. "Njoo uwaambie na wa kwangu. Kaka yangu haongei na mimi."

Tukaenda kwa kaka yake. Nilisimama mbele yake na wanaume wengine watatu, nikasema picha ile ni ya dua, na aliyekuwa anaomba dua ni dada yake mwenyewe. Kaka mtu akaniuliza, "Mnaweza kuifuta?" Nikasema yangu nimeifuta, zilizo kwa watu siziwezi. Akatikisa kichwa, akasema, "Tumesikia." Mama alinisindikiza hadi kwenye magari, ila alitembea mbele yangu, wala hakugeuka kuongea.

Cheti cha kozi sikupewa. Mkufunzi bado anafundisha. Nesi alihamia mkoa mwingine, na kila Krismasi hunitumia salamu zenye maua. Sijawahi kuzijibu, na sioni kwa nini nizijibu.

Mama nampigia kila Idi. Anapokea, ananijulia hali, ananiuliza kama nimeolewa. Kisha anasema ana kazi, anakata simu.