Ubeti wa Mwanamke

Rafiki yangu, hawa mabinti wa kidato cha pili watanimaliza. Jana hapa shuleni mjini niliwawekea wimbo wa bongofleva wanaoupenda, jamaa anamwambia msichana kesho analeta posa kwao. Nikauliza, "Msichana mwenyewe amesema nini?" Mmoja akaacha kutafuna bigijii, akajibu, "Si kanyamaza, madam? Basi kakubali." Nilivuta kiti nikakaa.

Swali lile sikulitunga mimi. Nililikuta kule kwetu milimani, katika darasa lisilo na vioo, ukungu unaingia mpaka ubaoni. Mwalimu wetu wa uraia alikuwa na redio kaseti, na asubuhi alizianika betri zake juani zipate nguvu. Anatuwekea wimbo, anaukata katikati, anauliza: mwanamke amesema nini? Hakuna kitu. Haya, kila mmoja amtungie ubeti wake. Mambo ya falsafa na usawa aliyajua yeye, sisi tuliona raha tu.

Wangu niliuimba jikoni tukimenya njegere, moshi unatutoa machozi. Bibi akaguna kwamba shule za siku hizi ni kuimba tu, na kuni nani atakwenda kuokota. Nikajua hanisikilizi.

Kumbe alikuwa anasikia. Kwetu Uluguruni shamba ni la ukoo wa mama, lakini msemaji ni mjomba. Basi siku moja mjomba akaja na mnunuzi kutoka mjini, wakala viazi vyetu, wakanywa chai, wakaongea wao kwa wao mpaka wakapatana. Bibi akaweka ungo chini. "Umeimba vizuri, mwanangu," akamwambia mjomba. "Sasa ngoja na mimi nitie ubeti wangu. Shamba haliuzwi." Mnunuzi akaanza kutafuta kofia yake. Mimi nilicheka mpaka nikamwaga njegere.

Siku hizi nikipanda kule hakuna njegere wala redio. Bibi alifariki nikiwa chuoni nasoma haki za wanawake, jamani, na kikao cha ukoo kikakaa bila mimi kuambiwa. Mama yangu alikuwepo, mpole kupita kiasi, ameinamisha kichwa anamlilia mama yake. Mjomba akawaambia watu, dada kanyamaza, basi kakubali. Kwenye matuta yetu sasa pana nyumba ya wageni yenye geti jeusi. Inaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana jana niliuzima ule wimbo, nikawaambia watoe kalamu, kila mtu amwandikie yule msichana ubeti wake. Yule wa bigijii akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Sasa madam, aseme nini?"

"Aseme shamba haliuzwi."

"Lakini madam, kwenye wimbo mbona hamna shamba?"

"Hata kwetu halipo tena," nikamwambia. "Andika."