Kufuli la Grosari

Kaka yangu analima zabibu upande wa Hombolo, na mimi wakati huo nilikuwa afisa afya wa kata hiyohiyo. Watu waliona tuna bahati kuwa karibu. Mimi nilizunguka kukagua mabucha, migahawa na grosari za vileo huku nikiomba nisimkute humo.

Nikamkuta. Ilikuwa saa tatu asubuhi, niko na afisa biashara, tunakagua leseni za vileo. Leseni ya grosari ile iliruhusu kuuza kuanzia jioni tu, lakini uani walikaa wanaume wanne kwenye benchi, kila mmoja na kichupa cha plastiki cha pombe kali. Wa mwisho alikuwa kaka.

"Shikamoo kaka," nilisema.

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja kazini?" Alijaribu kukisukuma kichupa ndani ya koti, mkono ukatetemeka, pombe ikamwagikia kifuani.

Mama mwenye grosari, ambaye tulikuwa tukisimama naye safu moja kwenye kwaya ya kanisa, alinivuta pembeni. "Mwanangu, nipe onyo tu. Nisipowauzia mimi, hawa watakwenda kunywa gongo."

Afisa biashara alinitazama. Nadhani naye angekubali onyo. Ni mimi niliyesema tufunge, na kufuli nililibana kwa mkono wangu. Wala sikuwa nikifikiria sheria. Nilikuwa nikifikiria ule mkono uliotetemeka, nikaamini mlango ukifungwa, na ugonjwa utakwisha.

Jioni nilimchukua kaka hadi nyumbani kwangu. Nilimpikia uji, nikaficha viatu vyake chini ya kitanda changu. "Nimeacha," aliniambia. "Kuanzia leo sinywi tena." Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Kesho yake alikuwa analowa jasho, na nje upepo wa Juni ulikuwa unakata mifupa. Hakula. Siku iliyofuata, mchana, alianza kupangusa siafu ukutani.

"Hawa wametoka wapi? Lete maji ya moto!"

Hapakuwa na siafu. Nilisimama mlangoni nimeshika ufagio, nisijue nifagie au nisali. Ghafla akaanguka, macho yakageuka, mwili wote ukakakamaa na kutupatupa.

Majirani walinisaidia kumpakia kwenye gari, tukamkimbiza hospitali mjini. Daktari, binti mdogo kwangu kwa umri, aliuliza alikunywa lini mara ya mwisho. Nilimweleza, tena kwa fahari kidogo, kwamba nimemwachisha mwenyewe.

Hakunigombeza. "Dada, mwili uliozoea pombe kila siku haukatizwi ghafla nyumbani. Angeweza kufa. Huwa tunawaachisha hapa, kwa dawa, tukiwaangalia." Kisha akabonyeza tumbo la kaka upande wa kulia, akanikunjia uso. Majibu ya vipimo yalikuja baadaye: ini lilikuwa limeanza kuota makovu.

Nilitoka nje nikazunguka jengo lile sijui mara ngapi. Miaka yote nimebandika mabango ya madhara ya pombe, nimehutubia mikutano ya kijiji, na hili la kuacha ghafla nililisoma chuoni nikalisahau. Mlinzi aliniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, nikaendelea kuzunguka.

Kaka aliruhusiwa baada ya siku kumi na moja. Grosari ilifunguliwa tena, na mama yule sasa anauza jioni tu. Kanisani tunasalimiana, ingawa amehamia safu ya nyuma.

Huu ni msimu wa pili wa zabibu kaka hajanywa. Ambaye hajatulia ni mimi. Akichelewa shambani, namfuata. Akicheka sana, namtazama macho. Jumapili moja alitoka kunawa, akanikuta nimeinamia kikombe chake nikinusa.

"Ni chai," alisema.

"Najua."

"Hujui, ndiyo maana unanusa." Alikaa, akachukua kikombe chake. "Mdogo wangu, uwe unaniuliza. Hata siku nitakayoshindwa nitakwambia. Lakini usininuse kama nyama ya bucha."

Niliona haya. Siku hizi namuuliza, ingawa moyo hudunda kabla hajajibu. Mara nyingi anasema yuko salama. Wiki iliyopita alisema, "Leo ni ngumu." Niliacha kazi zangu, tukaenda shambani kufunga matawi ya mizabibu kwenye waya, mstari baada ya mstari, mpaka aliposema hamu imepita.