Paa Nililoezeka Lilivuja, Nikamsingizia Mke wa Shemeji Yangu

Mwenye kosa ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na mvua, au na plastiki, au na mama mkwe wangu, nitajikuta najitetea, na kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa.

Jina langu silitaji. Hapa mtaani Sakina wenye maduka ya vifaa vya ujenzi tupo wengi, lakini wanawake ni wachache, kwa hiyo anayetaka kunijua atanijua tu. Majina ya wengine nimeyabadilisha, maana wao hawana la kuungama.

Mimi ni Mchaga niliyeolewa na Mmeru. Mume wangu ni mwalimu huku mjini. Mdogo wake, nimwite Eliudi, alibaki nyumbani mlimani na mkewe Ndeshi, pamoja na mama yao, kwenye shamba la kahawa na migomba. Ndeshi kwao ni Nduruma, kule chini kwenye vitunguu na nyanya, lakini kahawa aliijua kama aliyezaliwa nayo. Alichuma yeye, akamenya yeye, akaosha na kuanika yeye. Mimi nilikuwa nafika Jumapili na mkate na kilo ya sukari, nasifiwa, naondoka.

Wakati huo biashara huria ndiyo kwanza imeruhusiwa nchini. Vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa watu waliotoka Nairobi vikaanza kupangwa kwenye maduka yetu. Ndipo nilipoleta mabati ya plastiki, yale ya migongo kama bati la kawaida lakini yanapitisha mwanga. Watu walikuwa wanakuja kuyagusa tu. Wanayainua, wanatazama jua kupitia humo, wanacheka. Haukupita muda nikaanza kuitwa mtaalamu. Hakuna aliyenisomesha. Yalikuwa dukani kwangu, basi mtaalamu nikawa mimi.

Biashara ya kahawa nayo ilikuwa imefunguliwa. Zamani mnunuzi alikuwa chama cha ushirika peke yake, sasa wanunuzi binafsi wakawa wanapanda mlimani na magari yao, wanachota kahawa mkononi, wananusa, wanachagua. Kahawa iliyokauka ikaloa tena wanaijua kwa pua. Mama mkwe akaanza kukosa raha. Kahawa yake ilikuwa inaanikwa kwenye kichanja nje ya nyumba, na wingu likishuka kutoka juu Ndeshi anakimbia na nailoni kufunika. Jua likitoka, anakimbia kufunua.

"Mama," nikamwambia Jumapili moja, "nitakujengea paa la plastiki juu ya kichanja. Jua linapita, mvua haipiti. Kazi ya kufunika imekwisha."

"Mvua haipiti kabisa?"

"Haipiti kabisa, mama."

Akanishika mkono. "Huyu ndiye mkwe aliyekwenda shule," akasema. Ndeshi alikuwa hapo hapo anageuza kahawa. Hakuinua kichwa.

Siku ya kuezeka nilipanda na gari la kukodi, mabati, misumari na fundi wangu. Tulipoyapanga juu ya mbao za papi nikaona nimepima vibaya. Kama kila bati lingelalia mwenzake migongo miwili inavyotakiwa, upande mmoja wa kichanja ungebaki wazi. Halafu gundi ya silikoni, ile ya kupaka katikati ya maungio, nilikuwa nimeisahau dukani juu ya kaunta.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Si kwamba sikujua. Kila siku nilikuwa nawaambia wateja: yalaze migongo miwili, maungio usiyaelekeze mvua inakotokea, paka gundi, toboa tundu kubwa kidogo kuliko msumari maana plastiki inatanuka kwenye jua, piga juu ya mgongo na usipige bondeni, washa ya mpira chini ya kichwa cha msumari usiisahau. Nilikuwa nayasema hayo hata nikiwa nafikiria mambo mengine.

Lakini mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti anatazama. Majirani wamekuja kushuhudia. Chai imeshachemka. Nikaona aibu kusema nimekosea vipimo, nirudi mjini.

"Mama, tulaze mgongo mmoja?" fundi akaniuliza.

"Nusu inatosha. Haya ni ya kisasa."

"Na gundi?"

"Haya hayahitaji gundi."

"Mali ni yako," akasema, akaanza kupiga misumari.

Lilipendeza, siwezi kukataa. Majirani waliingia chini yake wakawa wanatazama mikono yao kwenye ule mwanga. Mama mkwe akainamisha kichwa, akaomba sala fupi ya shukrani, akanitaja kwa jina. Nikaitikia amina.

Vuli ikaja. Jumapili iliyofuata nilimkuta mama mkwe amesimama kando ya kichanja, ameweka mikono kiunoni. Kahawa ilikuwa imeloa, imeanza kuota ukungu, na harufu ilinifikia kabla sijampa shikamoo. Mnunuzi alikuwa amepita juzi yake. Alichota, akanusa, akairudisha, akaenda nyumba ya pili.

"Mama Neema," akaniita kwa jina la mwanangu mbele ya wote, "paa lako linavuja?"

Nilitazama. Kahawa haikuwa imeloa yote. Ililoa kwa mistari, mistari iliyonyooka kabisa, na kila mstari ulikuwa chini ya maungio. Asiyejua chochote angeona.

"Haliwezi kuvuja, mama," nikasema. "Hii ni mvua ya upepo, imeingia kwa pembeni. Pembeni palitakiwa pafunikwe nailoni. Kwani Ndeshi hakufunika?"

Ndeshi akanitazama. "Dada, si ulisema kazi ya kufunika imekwisha?"

"Nilisema juu. Pembeni ni lazima."

"Mama, maji yanatoka juu. Nimeyaona."

"Wewe unajua kuliko mwenye duka?" mama mkwe akamgeukia. "Tangu paa hili lije umekuwa mtu wa kukaa tu. Mvivu wewe."

Eliudi alikuwepo. Alitazama viatu vyake.

Hapo ningeweza kusema. Neno moja tu lingetosha. Badala yake nikaingia jikoni nilikomkuta Ndeshi anafuta machozi kwa kanga, nikamwekea mkono begani, nikamwambia asivunjike moyo, kila mtu hukosea. Nilimfariji, ndugu msomaji. Mimi huyu. Na nikarudi mjini najiona mtu mwenye huruma.

Habari za mlimani hazikai. Majirani walisikia kwamba paa la plastiki halivuji hata kidogo, isipokuwa mkaza mwana awe mvivu. Wakashuka Sakina kununua. Wa kwanza alikuwa Mama Aminieli, jirani wa ukuta kwa ukuta. Akaniuliza kama kuna kitu cha kupaka kwenye maungio. Nikafikiri: nikimuuzia gundi leo, kesho atamuuliza mama mkwe kwa nini lake halina.

"Haya hayahitaji gundi," nikamwambia.

Basi ikawa hivyo kwa wote. Niliuza mabati bila gundi kwa watu walioniomba gundi. Silikoni ikakauka kwenye mirija yake rafuni. Na kila kichanja kilichoezekwa na mali yangu kikapata mkaza mwana mzembe. Mvua ikinyesha, kahawa inaloa kwa mistari, msichana anasemwa. Wazee wakaanza kulalamika kwamba mabinti wa siku hizi wameharibika, kwamba hili soko huria limewatia uvivu. Wakaulizana mbona zamani kahawa haikuwa inaloa namna hii.

Utacheka. Kina mama wa usharika wa kanisani wakanialika nizungumze na wake vijana juu ya bidii katika kazi za nyumbani. Nikavaa vizuri, nikaenda, nikazungumza. Waliandika niliyosema.

Ndeshi hakuwepo kwenye hicho kikao. Alikuwa amekwisha kubeba mtoto na nguo zake akarudi kwao Nduruma. Mama mkwe alisema aachwe aende. Haukupita muda mrefu, Eliudi naye akamfuata, akamwachia mama yake funguo za stoo mezani.

Mama mkwe alibaki peke yake na kahawa imeiva mitini. Akashuka mjini kuja kuomba ushauri, na wa kumwomba alikuwa nani kama si mimi? Nilimwekea kiti barazani mbele ya duka. Baraza hilo nilikuwa nimeliezeka kwa plastiki ile ile, kwa namna ile ile, ili wateja wenye wasiwasi wa gundi waone kwa macho.

Tulikuwa bado tunasalimiana mvua ilipoanza. Tone likamwangukia begani. Akasogeza kiti. Tone jingine likamwangukia pajani. Akasogeza tena, na huko nako likamfuata. Mimi naendelea kuongea, naongea habari za watoto, naongea bei ya saruji. Yeye akainua uso, akatazama juu kwa muda mrefu, anafuata ule mstari wa maungio kutoka ukutani hadi mwisho wa baraza.

"Mama Neema."

"Abee, mama."

"Na hapa ni nani hakufunika?"

Sijawahi kuulizwa swali zito kama hilo, na lilisemwa kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Na kule pia ni mimi. Lilikuwa linavuja tangu mwanzo. Nilijua."

Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alikaa na mikono mapajani, maji yanamdondokea, wala hakusogea tena. "Nilimwita mvivu mbele ya mumewe," akasema. Kisha akanyanyuka. Nilimwambia nitamchukulia gari twende wote Nduruma. Akakataa. "Utakwenda wewe kwanza. Mimi nitakwenda na kosa langu."

Nilimkuta Ndeshi shambani kwenye vitunguu, Eliudi akifungua maji mfereji wa pili. Ndeshi akanifutia vumbi kwenye gogo nikae. "Shikamoo, dada," akasema, na kuitikia ile marahaba kulinishinda. Nikamweleza yote: vipimo, gundi, mistari kwenye kahawa, hadi ile hotuba yangu kwa wake vijana. Aliposikia ya hotuba akacheka kidogo, akaziba mdomo.

"Nilikuwa najua, dada," akasema. "Nilisimama chini ya maungio na sufuria, likajaa. Mwanzoni nilidhani wewe hujui, nikawa nakuonea huruma utakavyoaibika. Ulipokuja kunifariji kule jikoni ndipo nikaelewa kwamba unajua."



"Paa kuvuja ningesamehe siku ile ile," akaendelea. "Hata kunisingizia, labda. Ule mkono wako begani ndio ulionitoa mlimani."

Alisema amenisamehe, na naamini, maana alinifungia vitunguu vya kuondoka navyo. Lakini kurudi alikataa. "Huku mvua ikinyesha tunafurahi," akasema. Mama mkwe alikwenda baadaye na lake, wakalia wote wawili, wakala pamoja, na bado jibu likawa lile lile.

Kwa hiyo mlimani hakuna wa kugeuza kahawa. Jumamosi nafunga duka napanda mimi. Paa nililing'oa, nikaongeza mabati, nikayalaza migongo miwili, nikapaka gundi kila maungio. Sasa halivuji kabisa, na hakuna anayelisifu. Mama mkwe hanitukani. Mvua ikianza ananiita kwa upole nikasimame chini ya paa, nitazame juu, halafu nimwambie kama ni kavu. Namwambia. Kisha anakuja kutazama mwenyewe.

Mume wangu nilipomweleza aliniuliza swali moja tu: "Na mimi nikikuuliza kitu siku moja, nitajuaje?" Swali hilo bado tunaishi nalo.

Ulikuwa unadhani nikisema ukweli yataisha? Nami nilidhani. Nilizunguka nyumba hadi nyumba kwa wote niliowauzia, nimebeba mirija mipya ya gundi, naeleza kwamba mapaa yanavuja na kosa ni langu. Wapo waliopokea kwa hasira, nikashukuru kwa hasira zao. Lakini Mama Aminieli alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Una moyo mzuri, mwanangu," akaniambia. "Ila usimtetee huyu msichana wangu. Mimi namjua. Ni mvivu tu."

"Mama, paa linavuja. Niruhusu nipande nikuonyeshe."

"Halivuji. Si ulisema mwenyewe?"

Mkaza mwana wake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, ananitazama. Nimerudi pale mara kadhaa. Sijaruhusiwa kupanda.

Kwa hiyo nawaambia ninyi ambao bado mnaweza kusikia. Wewe unayeuza kitu, ukikosea, kosea mbele ya watu na useme pale pale, chai ikiwa bado ya moto. Uongo niliouuza niliueneza mlima mzima bila jasho, na kuurudisha dukani nimeshindwa.

Na wewe mama mwenye paa la plastiki, siku ukikuta kahawa imeloa, usianze na mke wa mwanao. Ngoja mvua inyeshe, ukasimame chini ya maungio bila mwavuli. Ukiloa, njoo Sakina uulize duka la yule mama wa gundi, siku hizi ndivyo wanavyoniita. Ngazi nitabeba mwenyewe.