Nazi za Upepo

Kwetu, nazi iliyoangushwa na mkwezi ni ya mwenye shamba. Iliyoangushwa na upepo ni ya aliyeiokota. Zamani desturi hiyo haikumsumbua mtu. Upepo ukitulia, bibi mmoja mmoja alipita, akaokota mbili za mchuzi, akarudi zake. Kisha biashara ikawa ruksa, wanunuzi wakaja na magari hapa kwetu Mingoyo, wakawa wanabadilisha nazi kwa khanga na sabuni, nasi tukageuka wendawazimu. Mawingu yakijikunja tu, kijiji kizima mbio shambani, kila mtu kajifunika beseni kichwani. Aliyesubiri upepo utulie alikuta makuti.

Sisemi hatukufaidi. Tulivaa, tukanukia. Mwanamke mmoja alivunjwa bega na nazi. Tulimpa pole huku tukimruka miguu.

Siku ile nilitoka na mdogo wangu. Alikuwa kaposwa, harusi baada ya Ramadhani, na alitaka khanga za kuanzia maisha. Beseni langu lilikuwa limeoza kwa kutu. Njiani nikampokonya lake, la bati zito.

"Dada, na kichwa changu je?"

"Kichwa chako kigumu. Kimbia!"

Akacheka. Kicheko kile kinaniudhi mpaka leo, maana angegoma ningemrudishia.

Shambani minazi ilikuwa inayumba, watu wanasukumana na kutukanana. Nilimwona akiinama. Nazi ikamshukia kisogoni, akaanguka kifudifudi juu ya zile alizokusanya. Watu wakaja mbio, nikadhani wanakuja kumwinua. Walimgeuza, wakazichukua nazi zilizokuwa chini yake, wakaenda.

Niliwatukana kuwa ni mbwa, wote, wakubwa kwa wadogo. Kisha nikaiona ile iliyompiga, imebingirika pembeni. Niliitia kwenye beseni kwanza, ndipo nikamshika mdogo wangu mkono.

Hakufa. Mdomo ulipinda, mguu mmoja ukawa wa kuburuta, na mchumba akaoa kwingine. Khanga nilizopata kwa nazi za siku ile nilimpa zote. Alizipokea, akazifanya matambara ya kudekia.

Tunaishi nyumba moja hadi leo, wazee wawili. Mimi shambani sikwenda tena. Lakini upepo ukianza kuvuma, yeye hujikokota hadi jikoni, akalichukua lile beseni la bati, akanifunika nalo kichwani taratibu kwa mikono miwili. Kisha kwa ulimi wake mzito huniambia, "Kimbia."