Waya Alioununua Balad

Mama yake Elphas alikuwa ameamua kwamba mwanawe amekufa, na hakuna aliyeweza kumtoa katika uamuzi huo.

Si kwamba hakumsikia. Kila Jumapili, kule Vihiga, Zipporah alipokea ujumbe wa sauti wa kaka yake kwenye simu, akaunganisha simu na spika iliyokaa juu ya kabati, akafungulia mpaka kuku wakatawanyika uani. Macho ya mama yalibaki yakitofautisha mwanga na kivuli tu, na masikio nayo yalikuwa yamechoka. Simu ikiwekwa sikioni alisikia upepo. Spika ndiyo aliyoielewa. Na ndani ya spika ile, nyuma ya "Mama, mimi ni mzima, usiwe na wasiwasi," alisikia kitu kingine kikinguruma, kitu kisichokoma wala kuvuta pumzi.

"Huo mtambo naujua," alimwambia Zipporah. "Ulikuwa ukilia hivyo hivyo mochari, siku tuliyoenda kumchukua baba yenu. Kaka yako wamemlaza kwenye baridi. Huyu anayesema ni mtu amefundishwa."

Zipporah alicheka, kisha akaacha. Mwaka ule msichana wa jirani yao alikuwa amerudishwa kutoka Uarabuni ndani ya sanduku, na kabla sanduku halijafika simu yake iliendelea kuwatumia wazazi salamu. Nani alikuwa akiziandika, haikujulikana. Tangu hapo mama hakuamini tena kitu kilichotoka kwenye simu. Chakula alikigusa akakisukuma. Alikuwa ameanza kuuliza ni upande gani wa shamba wangemchimbia Elphas.

Alikubali jaribio moja. "Aimbe wimbo wa asubuhi wa baba yake. Mwongo hawezi kuujua. Na aimbe pasipo huo mtambo. Nikiusikia tena, nitavaa nguo za msiba."

Ujumbe huo ulimfika Elphas Riyadh, alikokuwa dereva wa familia moja, akiwa ndani ya gari la bosi, nje ya shule ya watoto mtaani Malaz. Alizima injini, akavaa spika za masikioni, akasikiliza upya salamu alizowahi kumtumia mama. Sauti yake ilikuwa pale. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo mzito, nguuu, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Hata yeye aliona kama anamsikiliza marehemu.

Alijua, au alidhani anajua, ulikotoka. Kabla ya kuja huku alikuwa fundi wa vyombo vya kanisa, na katika miaka yote ya kukaa nyuma ya amplifaya alijifunza kumshuku mtuhumiwa mmoja. Spika zikinguruma, waya. Mhubiri akikatika katikati ya neno, waya. Mara nyingi alipatia. Kinasa sauti chake kidogo, alichorekodia salamu hizo, kilikuwa kizuri, na maikrofoni pia. Waya uliounganisha viwili hivyo aliuokota kwenye rundo la vitu vya bei ya chini sokoni Dirah, mwembamba kama kamba ya kiatu.

"Ni waya," alimwambia Jackton, Mjaluo aliyelinda jengo lililotazamana na nyumba ya bosi.

"We kila kitu ni waya," Jackton alisema. "Ukiumwa na tumbo utaenda kununua waya."

"Mama anakufa njaa, wewe unanifanyia mzaha?"

"Pole, omera, ndugu yangu. Basi nunua waya."

Nafasi ikaja familia ya bosi ilipotaka kwenda Jeddah kwa mapumziko. Elphas aliendesha mchana kutwa kukata jangwa, watoto wakilala na kuamka nyuma, madam akilalamika kuhusu mwendo, naye akiwaza nguo nyeusi za mama yake zilizokunjwa chini ya kitanda. Kesho yake aliomba ruhusa, akaenda Balad, mji wa kale wa Jeddah. Alizunguka kati ya majumba ya mawe ya matumbawe, akipishana na wachukuzi na mikokoteni yao, hadi akapata duka la vifaa vya sauti chini ya nyumba kongwe yenye kuta nene kuliko urefu wa mkono. Mwenyewe alikuwa mzee wa Unguja, aliyemjua kuwa Mswahili kabla hajafungua kinywa.

"Karibu, mwanangu. Wa bara wewe. Wataka nini?"

"Waya wa maiki, mzee wangu. Ule bora kabisa. Wangu unanguruma."

Mzee aliupokea ule mwembamba, akaupindapinda karibu na ncha zake. "Mbona huu mzima? Haukukatika popote."

"Mzima, lakini ni mbaya."

"Haya. Mteja ndiye anayejua kwake kwaungua wapi." Akashusha kutoka ukutani waya mnene, mweusi, ncha zake zikimetameta rangi ya dhahabu. "Huu hata waimbaji wakubwa wanautumia. Ngoja tuujaribu, usije ukasema nimekuuzia nyoka."

Akanyanyuka, akazima feni, akausukuma mlango mzito wa mbao mpaka kelele za soko zikabaki nje. Elphas akachomeka waya mpya, akasema, "Moja, mbili, tatu." Akasikiliza. Hakukuwa na mngurumo. Sauti yake ilisimama peke yake, safi. Machozi yalimlengalenga.

"Umeonaje?" mzee aliuliza.

"Ni dawa, mzee wangu."

Alilipa bila kubisha bei. Wimbo wenyewe hakuthubutu kuuimba pale. Ulikuwa wimbo wa kanisa, tena wimbo wa kupaza sauti, na mlango ule ulifungukia soko. Angeuimba chumbani kwake. Wala hakukumbuka kuuchomeka waya wa zamani katika chumba kile kile, dakika ile ile, ausikie nao. Hilo lilimjia baadaye, nalo halikumtoka tena.

Walirudi Riyadh. Chumba chake kilikuwa pembeni ya lango, na dirisha lake dogo lilitazama mlango wa nyuma wa jikoni kwa bosi. Akachomeka waya mpya, akaimba kwa sauti ya chini. Madereva walisimuliana habari za mtu aliyesikika akisali sala za Kikristo kwa nguvu, kesho yake kitanda chake kikawa kitupu. Kwa hiyo Elphas alisali siku zote kiyoyozi kikiwa kimewashwa, ili kelele yake imfunike. Kiyoyozi hicho kikuukuu hakikuzimwa tangu alipohamia humo, usiku wala mchana. Alikwisha kukizoea kiasi cha kutokisikia, kama mtu asivyousikia moyo wake mwenyewe.

Alikwenda garini kusikiliza. Nguuu.

Alikaa pale mikono ikiwa juu ya usukani. Zipporah alikuwa ameandika: *Kaka, leo amekataa hata uji. Fanya haraka.* Elphas alianza kuwaza mambo ya ajabu. Labda mama alijua jambo asilolijua yeye. Labda mtu anaweza kufa ugenini na mwili ukaendelea kuwapeleka watoto wa wenyewe shule, kufungua lango, kumwitikia bosi na'am baba, na mama peke yake, kutoka mbali, ndiye anayesikia.

Ijumaa, bosi alipokuwa msikitini, Jackton alimkuta chumbani waya zote mbili zikiwa sakafuni.

"Ulinunua ule wa dhahabu, sasa shida iko wapi?"

"Unanguruma vile vile. Hebu shika maiki, nijaribu ule wa zamani tena."

Jackton akashika maikrofoni, akaanza kuigiza sauti ya madam: "Elphas! Yalla, yalla! Wapi maziwa? Wapi mtoto?" Katikati ya utani wake, umeme ukakatika. Kiyoyozi kikatetemeka, kikapiga kishindo, kikanyamaza.

Jackton akashika sikio. "Wuod mama, mwana wa mama! Kumbe huku ndani kulikuwa na trekta?"

Kinasa sauti kilitumia betri, na taa yake nyekundu ilikuwa bado inawaka. Elphas alirudisha nyuma, akasikiliza palepale. Madam wa bandia alifoka ndani ya mngurumo, kishindo kikapita, kisha sauti ya Jackton ikatoka peke yake, safi kama ile ya dukani Balad. Na waya uliochomekwa ulikuwa ule mwembamba wa Dirah.

Akaikumbuka feni. Akaukumbuka mlango.

"Mama alisema mtambo wa baridi," alisema taratibu. "Haoni, hasikii vizuri, na bado amenitajia mtambo wenyewe."

"Basi imba sasa, kabla umeme haujarudi!"

Lakini umeme ulirudi neno la kwanza likiwa bado mdomoni, na kiyoyozi kikaamka. Elphas alitazama swichi. Miaka yote hiyo ilikuwa ukutani, kando ya kitanda. Akikizima, wimbo ungevuka dirisha mpaka jikoni. Akikiacha, mama angevaa nguo zile.

"Nenda," alimwambia Jackton. "Wakinikuta, wasikukute."

"Nitasimama langoni. Gari la bosi likikata kona, nitakohoa."

"Kohoa kwa nguvu."

Akazima. Ukimya ulikuja na uzito wake, na nyuma yake joto. Alisikia sahani jikoni, sandali za madam, mtoto akiuliza kitu. Kama yeye aliwasikia hivyo, nao wangemsikia. Aliinua maikrofoni na kuanza wimbo wa asubuhi wa baba yake, jasho likimchirizika mgongoni. Ubeti wa kwanza aliuimba huku akilitazama dirisha. Katika wa pili, sahani ziliacha kugongana. Aliendelea, kwa sababu kuacha hapo kungekuwa kufa kweli.

Alipomaliza, kivuli kilikuwa dirishani.

"Elphas!" Ilikuwa madam. "Mukayif halas? Kiyoyozi kimekufa?"

"Hapana, madam. Mafi mushkila, hakuna shida. Nakipumzisha kidogo."

Kivuli kilibaki kidogo, kama mtu anayetafuta swali la pili, kisha kikaondoka. Hakujua alikuwa amesikia kiasi gani. Hangejua, leo wala kesho. Alituma wimbo, akakaa katika joto lile bila kugusa swichi, kana kwamba akikiwasha mapema kingemfikia mama kabla ya wimbo.

Jibu lilikuja jua likiwa bado kali. Sauti ya mama yenyewe, ikipaza kama mtu anayeita kuvuka bonde:

"Ni wewe. Wametoa mtambo. Zipporah ananipashia ugali." Kisha akaongeza: "Lakini mwanangu, baba yako aliuimba huo akiwa amesimama mlangoni. Wewe mbona unauimba kama mwizi? Unamwogopa nani huko?"

Elphas aliusikiliza ujumbe ule mara nyingine. Nje, Jackton alikohoa, mara moja, kisha kwa nguvu, na lango likaanza kufunguka. Elphas akanyoosha mkono ukutani, akawasha kiyoyozi. Kikanguruma. Sasa alikisikia, na aliendelea kukisikia.