Nilijitungia Ushuhuda, Jirani Akapelekwa Kambini

Nilisema uongo mbele ya kanisa, nikaimbiwa. Nianzie hapo, maana nikianza kwa kujieleza nitaishia kujitetea, na sina la kujitetea. Mwanamke mmoja alifungwa kwa sababu ya mdomo wangu. Mama yake akafa yeye akiwa ndani. Na mimi siku hizo nilikuwa nazunguka na Biblia kwapani, nikiitwa dada huku na dada kule.

Najichukia nikikumbuka. Lakini wewe unayesoma hunijui na hutanijua, kwa hiyo nitakuambia yote.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, upande wetu wa Embu, kule chini ambako ukame wa Mbeere unaanza. Serikali ilikuwa imetutoa mashambani na kutusukuma katika kijiji kimoja, nyumba zimebanana, mtaro umechimbwa pande zote na miti iliyochongwa imesimikwa ndani yake. Kutoka ni kwa kibali. Langoni walikaa homgadi, watoto wetu wenyewe waliopewa bunduki watulinde, au watuchunge, sijui niseme lipi. Ukila kiapo cha watu wa msituni, waliokuwa wakipigana na Serikali ya Wazungu, una kesi na Serikali. Ukikataa kukila una kesi na watu wa msituni. Tuliishi hivyo.

Mimi nilikuwa nimeolewa miaka sita bila mtoto. Mama mkwe hakunitukana hata siku moja. Alikuwa ananiruka tu. Akiwataja wake za wanawe mbele ya wageni, anataja huyu mama fulani, na huyu mama fulani, akifika kwangu anauliza kama chai imeiva. Afadhali angenitukana.

Mahali pekee nilipojiona mtu ni katika ushirika wa Ndugu waliookoka. Tulikutana kila Alhamisi alasiri katika kanisa letu la udongo. Hedimani, yaani mkuu wa kijiji, alituruhusu kwa sharti moja, kwamba homgadi mmoja akae mlangoni asikilize tusije tukasema siasa. Desturi yetu ilikuwa kuweka mambo nuruni. Unasimama, unataja dhambi yako waziwazi, unasema Yesu alivyokusamehe. Watu wanakuimbia, wanakukumbatia. Mimi nilipenda sana kukumbatiwa.

Shida yangu, na utaniona mpumbavu, ni kwamba sikuwa na dhambi ya maana. Mwenzangu mmoja alikuwa ametaka kumtilia sumu mke mwenzake, alipolieleza hilo watu walilia mpaka jua likashuka. Mimi niliposimama nilisema niliiba sukari ya mama mkwe. Waliimba ubeti mmoja wakaketi. Ubeti mmoja! Nilirudi nyumbani nikiwa mdogo kuliko nilivyotoka.

Sikujua kitu ambacho hata mtoto wa shule ya Jumapili anakijua, kwamba Mungu alikuwa ananipenda kabla sijafungua kinywa. Nilikihubiri, ndiyo. Sikukiamini. Nilidhani upendo wake unakuja kwa kiasi cha kelele ya watu.

Basi Alhamisi moja mama mkwe alikuja kwenye ushirika kwa mara ya kwanza. Nikamwona ameketi pale mbele, mgongo umenyooka. Nikasimama. Mdomo ukasema, "Ndugu zangu, mimi nilikula kiapo."

Kanisa lilinyamaza kabisa. Nitasema ukweli hata kama unanuka: ule ukimya ulikuwa mtamu. Watu wote walikuwa wananitazama mimi.

Mzee aliyeongoza ushirika, nitamwita Eliudi, akasema kwa upole, "Wapi, dada? Usiache kitu gizani. Weka yote nuruni."

Sikuwa nimetayarisha wapi. Macho yangu yakazunguka, yakaangukia nafasi tupu kwenye benchi la wanawake. Ilikuwa nafasi ya jirani yangu, nitakayemwita Igoki. Siku hiyo hakuja kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Nikasema, "Nyumbani kwa Igoki."

Kwa nini yeye? Nimejiuliza maisha yangu yote. Ni kwa sababu hakuwepo, ndiyo. Lakini pia nilimwonea wivu. Igoki alikuwa mjane, hana mtoto wa kiume, ana gauni moja la kanisa. Kwa hesabu ya kijiji alikuwa chini yangu. Na bado alitembea kama mtu asiyepungukiwa na kitu. Watu wakimdharau alikuwa anawasalimia na kupita. Hilo lilinikera ndani kabisa.

Waliniimbia muda mrefu. Mama mkwe alilia, akanishika mkono mbele ya watu wote, akaniita binti yangu. Kule mlangoni homgadi aliinuka akaondoka. Nilimwona kwa macho yangu akiondoka, nikaendelea kukumbatiwa.

Asubuhi walikuja kumchukua Igoki. Alikuwa mlangoni anachambua mbaazi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ngojeni nimfunike mama." Akaingia, akamfunika mama yake, akatoka, wakaenda naye. Mimi nilikuwa nafagia uwanja wangu, hatua kumi hivi kutoka pale. Niliendelea kufagia mahali palepale pasafi.

Nilijiambia watamhoji siku mbili wamwachilie. Siku mbili zikawa mwezi, tukasikia amepelekwa kambi ya kizuizini. Na mimi nikaanza kualikwa. Nilipelekwa Siakago, nikapelekwa Gachoka, nimeketi mbele kwenye lori karibu na dereva, kibali mkononi. Kila nilipofika hadithi iliongezeka. Niliongeza nyama ya mbuzi. Nikaongeza upinde wa majani ya migomba, ule ambao wanaokula kiapo hupita chini yake, nami nilikuwa nimeusikia tu midomoni mwa watu. Kule Gachoka nilishajua mahali pa kulia, na nililia hapo, machozi ya kweli kabisa. Nilipokumbuka baadaye nilisugua uso wangu kwa majivu kana kwamba hayo machozi bado yameganda.

Nyumbani nilijipa kazi ya kumtunza mama yake Igoki. Watu wakasema, tazama dada yule alivyookoka, anamtunza mama wa mtu aliyemwingiza kwenye kiapo. Nilikuwa nampelekea uji wa wimbi kila asubuhi. Alikunywa kidogo, halafu akanivuta karibu akanitemea mate kifuani, jinsi wazee wetu wanavyobariki. "Mungu akuone, mwanangu," alikuwa ananiambia. "Mungu akupe."

Kila siku. Mate yake yalikauka kwenye nguo yangu na mimi nikaenda nayo sokoni. Hakujua nani alimchukulia mtoto. Alikufa hivyo, hajui, kichwa chake kwenye mapaja yangu, saa nne asubuhi. Neno lake la mwisho lilikuwa baraka, na aliyepewa ni mimi.

Baada ya mazishi alifika mwanamke mmoja aliyeachiliwa kambini. Tukamzunguka kumuuliza habari. Mama mkwe akauliza, "Na Igoki mbona hatoki?"

"Anajiweka mwenyewe," yule mwanamke akasema. "Sisi wengine tulikiri tukaandikwa tukatoka. Wengine hata hatukuwa tumekula hicho kiapo, tulikiri tu tutoke. Yeye anaambiwa kiri, anasema sikula. Anapigwa, anasema sikula. Nilimwambia, dada, sema tu ndiyo, una mama mgonjwa. Akaniambia hawezi kumdanganya Mungu ili akubaliwe na watu."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaanza kupasua kuni.

Uongo uleule niliousema mimi bure, ili nikumbatiwe, yeye aliukataa hata kwa bei ya kutoka kifungoni. Tungebadilishana midomo angekuwa nyumbani na mama yake.

Ungedhani hapo nilikimbia kwa mzee Eliudi. Sikukimbia. Jumapili iliyofuata nilialikwa mahali, nikaenda, nikatoa ushuhuda tena, na upinde wa migomba nikautia. Ndivyo nilivyokuwa. Usinihurumie.

Igoki alirudi mvua ya pili. Walichoka naye, nadhani. Alikuwa amekonda na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa havikunjiki. Waliomwachilia hawakumfutia jina. Hedimani alikataa kumpa kibali cha kwenda shambani kwake nje ya mtaro mpaka aungame kiapo, na kanisa nalo likasema hatapewa Meza ya Bwana mpaka aungame. Mjane bila shamba atakula nini?

Alhamisi alikuja kwenye ushirika na lile gauni lake moja. Akaomba kusema.

"Mimi sina mengi," akasema. "Kule niliitwa namba, na wengine waliniita mbwa. Ukiitwa mbwa miezi mingi unaanza kugeuka ukiitwa. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kuhesabiwa nilikuwa nalitaja jina langu mwenyewe taratibu, halafu nasema, Bwana, huyu ni wako, ulimfia. Hawakuweza kunishusha chini ya hapo. Ni hayo tu."

Hakuna aliyeimba. Mzee Eliudi akakohoa, akasema, "Tunamshukuru Mungu kwa kukurudisha, dada. Lakini kile kiapo bado hujakiweka nuruni. Sisi tunakusubiri."

"Sina kiapo cha kuweka, baba," Igoki akajibu. Akaketi. Hakuwa na hasira, wala hakunitazama.

Wasidanganyike watu kwamba nilipata ujasiri. Nilisimama kwa sababu kukaa kulinishinda. Nikasema, "Hana kiapo. Mimi pia sikula kiapo. Nilitunga. Nilitaka mniimbie."

Yule homgadi wa mlangoni alicheka kwa sauti. Wengine wote kimya. Huu haukuwa ule ukimya wa kwanza. Mama mkwe aliinuka akajifuta mkono kwenye leso yake, ule mkono alionishikia siku ile, akatoka nje. Mzee Eliudi akaniambia, "Keti chini, mama." Hakusema dada.

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa ameshasikia. Ni mtu mpole. Alisema, "Kumbe afadhali ungebaki mgumba tu." Hakulirudia neno hilo tena, na hakulifuta.

Asubuhi nikaenda mwenyewe kwa hedimani nikarudia yote. Karani aliandika, wakaninunia, wakasema wanawake wa kanisa wamewapotezea muda. Igoki akapewa kibali chake na kanisa likamrudishia Meza. Mimi nikapewa wiki sita za kuchimbua mtaro, kila siku, peke yangu katika sehemu yangu. Wanawake walipita juu na mizigo ya kuni bila kunisalimia.

Ndani ya ule mtaro ndipo nilipoomba mara ya kwanza maishani mwangu bila kutega sikio nani anasikia. Sikuwa na cha kuonyesha. Nilisema, Bwana, hiki ndicho kilichopo, na kinanuka. Nilingojea kufukuzwa. Sikufukuzwa. Siwezi kulieleza zaidi ya hapo na sitaki kulipamba, maana najua mdomo wangu unavyopamba.

Siku moja Igoki alipita na jembe akielekea shambani. Akasimama juu ya mtaro.

"Nimekusamehe," akasema. "Nilikusamehe nikiwa kule, maana nilijua ni nani aliyenitaja. Lakini usije nyumbani kwangu kwanza. Bado namlilia mama."

Nikasema ndiyo.

Akashika njia, kisha akarudi akauliza, "Mwishoni alisema nini?"

Nilitamani ardhi inimeze palepale. "Alinibariki," nikasema. "Kila asubuhi. Hata ile ya mwisho."

Uso wake ulikunjamana, akafunga macho. Nilidhani atanirushia jembe, na ningelipokea. Akauliza, "Alijua anambariki nani?"

"Hakujua."

Aliegemea jembe lake. "Mungu alijua," akasema, "na hakumzuia." Akajifuta machozi kwa mkono wenye vidole vibovu, akaenda zake kupalilia.

Neno hilo nimeishi nalo kuliko chakula. Sikuwahi kupata mtoto. Mama mkwe alirudi kuniruka, akaniruka mpaka kufa kwake. Ushirika ulinirudisha baada ya miaka, na hawakunialika kusema, na sikuomba. Siku nyingine kinyaa cha nafsi yangu hunijia hata leo, nikinusa uji wa wimbi. Lakini Mungu alinijua mimi ni nani na akaacha baraka inifikie. Watu hawakunipa hilo na hawawezi kulichukua.

Sasa nyinyi mnaosimama mbele za watu siku hizi, mnaochukua kipaza sauti na kutoa shuhuda za kutisha ili watu wapige kelele, nawaambia mimi niliyeionja kelele hiyo. Mtu ambaye hayupo hapo ndiye atakayeilipia. Kama huna ushuhuda, kaa chini. Mungu anakupenda ukiwa umekaa.