Mikono ya Mervyn na Gari Linalotetema

Gari la Mervyn Tuckett lilikuwa limekula kilomita laki tano na ushei, na tangu mvua zikatike lilikuwa likitetema mbele. Hilo si ajabu. Gari la umri ule lisipotetema ndipo pa kushangaa. Ajabu ni kwamba aliyelalamikia mtetemo ni mkewe Noreen, aliyekaa upande wa abiria na mikono mapajani. Mervyn mwenyewe, aliyeshika usukani, hakusikia kitu.

Na huyu ndiye Mervyn ambaye watu wa mashamba yote ya upande ule wa mji wa Longreach, Queensland, walimtegemea kwa magari yao. Maisha yake yote ya kazi alikata manyoya ya kondoo, mashine ikimngurumia kiganjani kutwa nzima, na jioni akawapimia wenzake magari kwa kuyagusa tu. Usukani ukitetema, aliwaambia, tazama magurudumu ya mbele; kiti kikitetema, tazama nyuma. Watu wenye vipimo vya umeme walimcheka, kisha wakarudi kumuuliza. Lakini kinyozi hajinyoi. Siku hizi vidole vyake, baada ya miaka yote ya mtetemo wa mashine, vilikuwa vyeupe kila asubuhi, vimekufa ganzi, naye akisema ni baridi. Baridi gani hiyo ya Queensland isiyomfika mtu mwingine, hakuna aliyemuuliza.

Alijua vizuri alichokuwa akikiogopa. Noreen macho yalikuwa yamefifia, hakuendesha tena, na kila mwezi ilibidi apelekwe mjini kuchomwa sindano za macho. Mervyn asipoweza kushika usukani, basi nyumba hii imekwisha. Watahamia mji wa mbali wa Toowoomba kwa binti yao Leanne, kwenye chumba cha nyuma alichokwisha kuwapakia rangi bila kuombwa. Mervyn alikifikiria chumba kile akakosa usingizi.

Kwa hiyo alilaumu tope. Huku kwetu kila mtu hulaumu tope, na mara nyingi huwa kweli: udongo mweusi huganda ndani ya rimu, ukikauka gurudumu linakuwa zito upande mmoja na gari linatikisika kama linacheza ngoma. Alilala chini akalikwangua tope lote kwa bisibisi, akaondoka na Noreen kwenda kulijaribu gari kwenye lami.

Hapo ndipo alipoanza kuibia majibu, kama mwanafunzi kwenye mtihani. Badala ya kuusikiliza usukani, alimchunguza mkewe. Walipofika mwendo wa themanini alimwona ameshika mpini wa mlango. Mwendo ulipoongezeka, alikaza taya. Mervyn akavikandamiza viganja vyake kwenye usukani kwa nguvu zote, akiomba asikie chochote, hata kidogo.

"Limetulia, eh?" alisema.

"Limetulia wapi, mzee? Meno yangu yanagongana."

"Aa. Ndiyo. Bado kidogo." Akapunguza mwendo, akageuza gari kurudi nyumbani, na njia nzima hakuthubutu kumtazama tena.

Jioni alimpigia simu Nev Kassulke, fundi wa mjini, akamweleza mtetemo kwa maneno aliyoyaokota kwa Noreen. Nev alimtania kwamba leo mwalimu anamuuliza mwanafunzi, kisha akamkumbusha jambo ambalo Mervyn ndiye aliyemfundisha. Linyanyue gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi. Usipoisha, ni boljointi, kile kiungo cha chini kinachobeba gurudumu. Na kikichomoka ukiwa njiani, gurudumu linalala ubavu na gari linakwenda linakotaka.

Asubuhi alilinyanyua gurudumu la kushoto, Noreen akakaa ndani tayari kukanyaga breki. Mervyn akashika juu na chini. Akasukuma, akavuta. Hakuna. Akafumba macho akarudia, kwa sababu zamani alikuwa akifumba macho. Ilikuwa kama kushika gurudumu la mtu mwingine kwa mikono ya mtu mwingine.

Akasema mgongo unamuuma, wabadilishane.

Noreen akaja akapiga goti kwenye vumbi. Alishika gurudumu kama alivyoelekezwa, akalitikisa mara moja tu.

"Linacheza."

"Sana?"

"Mervyn, linagonga. Hata kwenye kiwiko nalisikia."

Mervyn, sasa akiwa kwenye kiti cha dereva, alikanyaga breki akamwambia alitikise tena. Alimwomba Mungu mchezo uishe, iwe beringi tu.

"Bado linacheza," alisema Noreen.

Mervyn alibaki ameketi ndani ya gari, mguu ungali kwenye breki. Kwa wiki zote hizo alikuwa amempakia mkewe kwenye gari hilo, akipishana na malori ya ng'ombe, huku akimwambia ni tope tu. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Noreen alikuja akasimama mlangoni, mikono imejaa vumbi.

"Sikusikia," alisema Mervyn. "Si leo tu. Sijasikia kitu tangu mwanzo. Mikono imekufa, Noreen. Ningekuua."

"Najua haisikii. Jumapili uliinua sufuria kwenye moto bila kitambaa, ukasimama nayo ukiniuliza pa kuiweka. Nilinusa ngozi ikiungua."

Mervyn alikigeuza kiganja chake. Lengelenge lilikuwa limepasuka, nalo hakuwa amelitazama hata mara moja.

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

Noreen alipangusa mikono kwenye sketi.

"Kwa sababu nami sitaki kuhama," alisema. "Nilijiambia, akiendelea kuendesha, tutaendelea kukaa. Nikapanda gari kila safari nikiwa nimeshika mlango."

Wakakaa hivyo, yeye ndani na mkewe nje, wala hakuna aliyekuwa na hasira ya kumrushia mwenzake. Kisha Mervyn alichomoa ufunguo akamwekea Noreen kiganjani. Akamwomba ampigie Nev aje na lori la kubebea magari, na akimaliza ampigie Leanne.

"Nimwambie nini Leanne?"

"Mwambie tumekubali."

Noreen aliingia nyumbani kupiga simu. Mervyn akabaki garini, mikono juu ya usukani, akilia.